Hatukufika Desemba

Mchungaji alipofika kwenye madaftari, nilijua hatutakula mapema. Yalikuwa yamepangwa juu ya kimeza kando ya jeneza, yamefunikwa kitambaa cha kufuma, kana kwamba nayo yanasubiri kuzikwa. Niliyahesabu, kisha nikayahesabu tena, kwa sababu soko limenifundisha kwamba hesabu ya kwanza hufanywa na tamaa, ya pili ndiyo hufanywa na akili. Mara zote mbili nikapotelea katikati. Mwalimu Aikande alikuwa amemwandikia Mungu kila alfajiri tangu mimi nikiwa msichana hadi mkono wake ulipokataa kalamu. "Mama huyu," alisema mchungaji, kijana mzuri, kipaza sauti kimemkaa mkononi kama alizaliwa nacho, "hakuwa na simu ya kupangusa, lakini alikuwa na laini ya moja kwa moja!" Watu wakasema amina. Akawageukia vijana waliopanda kutoka Dar na Arusha, akawaambia waandike, waandike maombi na waandike majibu, maana msamaha ukishaandikwa moyo unapona. Mimi nilikuwa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja wa mashaka, nimeuma ulimi. Nauza ndizi na parachichi Moshi mjini. Kila wiki naona watu wakisifia gunia ambalo hawajalifungua. Gunia hili mimi nililiona limefunguliwa. Nilikuwepo siku daftari la kwanza liliposomwa kwa sauti, na nilimsikia aliyekuwa akisomewa akisema lifungwe.

Nilifikaje kwa Mwalimu, hiyo haina haja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kunong'onezana. Yeye alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana ng'ombe mmoja, kahawa, migomba, na chumba kimoja kisicho na mtu. Nilipanda Machame na begi langu mara tu baada ya Krismasi, wakati magari ya watu wa Dar yanateremka na barabara nzima inabaki na vumbi na ukimya wa watu walioachwa. Nyumba yake ilikuwa ya kutunzwa kama daftari la ukaguzi: viti vimevalishwa vitambaa, kalenda ya dayosisi ukutani, picha ya marehemu mume wake amevaa tai, na juu ya meza kikombe chenye kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Alikuwa amestaafu, lakini kalamu nyekundu haikuwa imestaafu. Barua za wanawe alizisahihisha kabla ya kuzijibu. Chumba changu na chake vilitenganishwa na mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo asubuhi niliamshwa na mwanga wa chemli kabla ya jogoo, halafu na sauti yake. Mwalimu hakuweza kuandika bila kujisomea imla. Kila neno alilomwambia Mungu mwaka ule lilinipitia mimi kwanza.

Mambo ya kuandika aliyaleta dada mmoja shemasi, mwenye kitambaa cheupe kichwani na viatu vya kutembelea milima. Alikuja kwenye umoja wa wanawake mwanzoni mwa mwaka, tukakaa kwenye mabenchi ya usharika tukinywa chai ya maziwa, akatugawia madaftari. Akasema alfajiri usome mstari mmoja, unyamaze, kisha umwandikie Mungu kama unavyoongea na mtu ambaye tayari anakujua. Usipambe. Usimdanganye. Usichane ukurasa hata kama umekuaibisha, wala usiuruke, maana hiyo aibu ndiyo ulikuja nayo. Wewe andika ukurasa wa kushoto, wa kulia mwachie yeye. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Dada, tarehe tunaandika juu kushoto au juu kulia?"

"Popote tu, Mwalimu."

"Popote si jibu."

Wanawake wakacheka, na dada akacheka, akasema basi kushoto. Mwalimu akaandika hiyo kanuni ndani ya jalada, na zile nyingine zote chini yake, akazipigia mstari kwa rula. Nilipewa daftari na mimi. Niliona ni hasara, daftari zima nusu linabaki jeupe, lakini nililichukua kwa sababu lilikuwa la bure. Nikaanza kama ninavyoanza kila kitu. Bwana, niliandika, nipatie chumba mjini, nami nitaacha kusinzia kwenye mahubiri. Baada ya wiki nikapunguza: hata Shirimatunda pembeni huko si mbaya. Baada ya wiki nyingine nikaongeza kwa upande wangu kuimba kwaya. Dada shemasi alipopita kutuuliza tunaendeleaje, nilimsimulia, akanitazama kwa huruma ya kitaalamu.

"Haika, unamwanzia Mungu chini kama mchuuzi?"

"Dada, yeye ndiye kanyamaza. Sokoni anayenyamaza ndiye anayetaka bei ipande."

Sijui kama nilikuwa natania. Leo bado naandika, kwenye kibanda changu, kabla magari ya mzigo hayajafika, na kurasa zangu za kulia ni nyeupe vilevile. Naandika kama mtu anayepiga simu ambayo haijawahi kupokelewa, lakini namba anaikumbuka kwa kichwa na hawezi kuisahau. Ukiniuliza kama ni imani, nitakuambia chukua ndizi zako uende.

Mwalimu hakuwa na mambo mengi ya kumwambia Mungu. Alikuwa na jambo moja, nalo lilikaa upande wa pili wa ua. Mume wake na mume wa jirani yake Mama Manka walikuwa ndugu wa baba mmoja, waligawana kihamba, shamba la ukoo, na katikati pakapandwa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo huku kwetu ndiyo mpaka na ndiyo mambo mengine pia. Upande wa juu Mwalimu, upande wa chini Mama Manka. Waliolewa karibu wakati mmoja, wakapitishiana chumvi na makaa ya moto kwenye pengo la ua miaka yote ya ujana wao. Mama Manka hakusoma hata darasa moja, lakini hakuna msiba uliopikwa bila yeye; ndiye aliyekaa katikati ya wanawake wanaomenya ndizi na kuwachekesha mpaka wafiwa wenyewe wakajificha kucheka. Mwaka mmoja kabla sijafika, alipokufa mume wa Mwalimu, Mama Manka alikuwa hapohapo katikati, kisu mkononi. Watu walivyonisimulia, na kila mtu alinisimulia, alisema, "Wabebaji wana bahati leo, marehemu mwepesi kama karatasi. Mwalimu alikuwa anamlisha chaki." Wanawake wakaangua kicheko. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe. Hakulidondosha. Alilitua, akasema, kwa ile sauti ya mbele ya darasa, "Mimi angalau najua wangu amelala wapi." Kila aliyekuwepo alijua kwamba mume wa Mama Manka alikwenda Arusha zamani, akajenga mji mwingine na watoto wengine, na hata Krismasi hapandi. Visu vikasimama. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mwalimu alipomaliza matanga alichukua jembe, akapanda sale jipya kwenye lile pengo.

Kwa hiyo alfajiri yangu ilikuwa hivi: moshi wa chemli, ng'ombe anakohoa, na Mwalimu akimsomea Mungu imla. "Bwana, koma, leo nimemwona akipita na ndoo. Nukta. Amenenepa. Nukta. Mimi nimekonda. Nukta. Wewe unaona." Siku nyingine: "Bwana, alicheka na mchungaji mlangoni mwa kanisa. Sijui walicheka nini. Nadhani ni mimi." Nililala pale nimeziba mdomo kwa blanketi. Nilidhani ni kichekesho, na kwa miezi ya kwanza kilikuwa kichekesho. Asubuhi tulikunywa chai na viazi vitamu, yeye amekaa wima, uso umepumzika kama mtu aliyetoka kuoga, ananiambia kuandika kunamsaidia sana. Nami niliamini, maana nilimwona akipona mbele yangu kila siku, na kila siku nikamsikia akiugua upya kesho yake.

Siku moja ya mvua za masika tulikuwa jikoni tunakula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na moshi unatutoa machozi sote wawili kwa usawa. Nikamuuliza kama ameshamsamehe.

"Nimemsamehe. Nimeandika."

"Yeye anajua?"

"Mungu amesoma."

"Mungu akishasoma, anamwambia?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza swali la darasa la juu. Nikaendelea, kwa sababu bei ikishafunguliwa hairudishwi mfukoni. "Mwalimu, si ungempelekea sale?" Huku mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale, amelifunga fundo, huna pa kukimbilia. Hata kama amechoma nyumba yako, unalipokea, na ukilipokea yameisha. Hakuna maelezo. Nilijua, na yeye alijua, kwamba wote wawili walikuwa na la kupeleka.

"Mambo ya sale," alisema Mwalimu, akikusanya sahani, "yalikuwa ya watu wasiojua kuandika."

Ukaja ule ukungu wa Juni na Julai, unaoshuka kutoka msituni na kukaa kwenye migomba mchana kutwa mpaka hujui jirani yako yuko hai au la ila kwa kumsikia. Mama Manka alisikika akikohoa. Ilianza kikohozi cha jiko, ikawa kikohozi cha kitanda. Manka, binti yake, rika langu, aliacha kazi ya kushona mjini akarudi kumuuguza; tulikutana tukikata majani ya ng'ombe, akaniambia wamempeleka hospitali, wamempiga picha, na daktari alizungumza na kaka zake pembeni. Anayezungumza pembeni hana habari njema. Alfajiri iliyofuata, nyuma ya mbao, kalamu ilisimama mara nyingi. "Bwana, nimesikia anakohoa. Nukta." Kimya. "Nilifurahi kidogo. Nukta." Chemli inafuka moshi. "Nisamehe. Lakini nilifurahi." Asubuhi ile sikuziba mdomo. Nilitazama dari, nikawaza kwamba huyu bibi anafuata kanuni za yule dada kuliko dada mwenyewe: hapambi, hadanganyi, hachani. Kalamu nyekundu alijigeuzia mwenyewe. Niliona siku nilipofuta meza, pembeni mwa mistari yake ameandika "si kweli", "si kweli yote", "rudia".

Na alirudia. Hilo lazima niliseme, kwa sababu mchungaji naye hakukosea kabisa. Kahawa ilipoanza kuiva na sisi tukashinda shambani vidole vyekundu, sauti nyuma ya mbao ilianza kubadilika. "Bwana, leo sikumchukia mpaka saa nne." Kisha ikawa mchana. Kisha siku moja akamwambia Mungu kwamba amepita siku nzima bila kukumbuka, na amekumbuka jioni tu kwa sababu ya chumvi kuisha. Akaanza kunipa chupa ya maziwa nipeleke kule chini kwa kuzunguka barabarani, maana pengo lilikuwa limezibwa na sale lile lilikuwa limekua kunifikia begani. Sikuambiwa niseme yametoka kwa nani. Mama Manka alikuwa kitandani kwenye chumba cha mbele, mlango wazi aone wapitao, mito imepangwa nyuma yake, mdogo ndani ya shuka, macho tu ndiyo hayakupungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ng'ombe wa Mwalimu anaendeleaje? Bado anafundishwa kusoma?"

"Anaendelea vizuri, mama."

"Mwambie maziwa nimeyajua. Yana ladha ya chaki." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Manka akaja na beseni, nami nikaondoka kinyumenyume nikiwa nimeshika chupa tupu. Utani ule ule. Nilipomweleza Mwalimu, alisimama kidogo na kikombe mkononi, na nikaona mdomo wake unavutika upande mmoja, unakataa, unavutika tena. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Siwezi kusema alicheka. Lakini kicheko kilifika hadi mlangoni.

Desemba wakamrudisha Mama Manka nyumbani kutoka hospitali mara ya mwisho, na huku kila mtu anaelewa maana ya kurudishwa nyumbani. Magari ya Dar yalikuwa yameanza kupanda, watoto wa mjini wanalialia kwa baridi, mbuzi wanafungwa kila ua. Nilipopeleka maziwa, Mama Manka alinishika kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa vya moto.

"Nasikia Mwalimu wako ananiandika. Kila asubuhi, wanasema, kama barua."

Sikujua nani alisema. Labda mimi, kwa Manka, tukikata majani. "Anaomba, mama."

"Mimi sijui kusoma. Mwambie aje anisomee. Aje kabla wale wa Dar hawajanijazia nyumba."

Nilipanda mbio. Mwalimu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nirudie maneno yale yale, nikarudia, akauweka ungo chini. Alioga mchana. Akavaa kitenge cha Jumapili. Akaenda kwenye ua, kwenye lile sale alilolipanda mwenyewe kuziba pengo, akalitazama kama anayechagua mwanafunzi wa kusimama mbele ya wageni, akakata jani moja refu, akalifunga fundo. Hakunitazama. Aliingia ndani, akalipachika kwenye ukurasa wa mwisho alioandika, asubuhi ile ile, ukurasa ambao mimi niliusikia na kwa mara ya kwanza mwaka mzima ulinifanya nigeukie ukutani nilie. Nitausema mbele. Tukazunguka barabarani, yeye mbele, daftari kifuani, mimi nyuma nikifikiri: yameisha, kumbe inawezekana, kumbe yule Mwenyezi alikuwa ananyamaza tu.

Manka alikuwa jikoni nyuma anachemsha maji. Mwalimu alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, magoti pamoja. Walitazamana. Miaka yote ile ya chumvi na makaa ilikuwa chumbani, hata mimi niliisikia.

"Umekonda," alisema Mwalimu.

"Wewe umenenepa. Umekuja kunionyesha?"

"Umesema nije nisome."

"Basi soma."

Mwalimu akafungua daftari. Akasita. "Nianzie wapi?"

"Si mwanzoni? Au shule zenu siku hizi zinaanzia mwisho?"

Nilimwona akiwaza. Nilijua anawaza nini kwa sababu nilizijua kanuni zilizoandikwa ndani ya lile jalada, zimepigiwa mstari kwa rula. Nikasema, "Mwalimu, nenda Desemba." Akasema bila kugeuka, "Haika, haturuki kurasa." Akaanza Januari.

Mwanzoni ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia hofu. Aliposoma "Amenenepa, mimi nimekonda, wewe unaona," Mama Manka alipiga godoro kwa kiganja, akacheka mpaka machozi, akasema, "Mungu maskini, alikosa kazi?" Mwalimu naye akacheka, kweli safari hii, kicheko chenye kutu. Akaendelea. Februari. Machi. Kicheko kikawa tabasamu. Mwalimu alikuwa anasoma vizuri, kwa vituo, hakubadilisha neno, akageuza karatasi na kila alipogeuza ukurasa wa kulia ukaonekana mweupe. Alisoma siku alipomwomba Mungu amwonyeshe Mama Manka alichomfanyia. Alisoma Pasaka, jinsi alivyomwona akitazama barabarani asubuhi yote kama mume wake atapanda, na hakupanda: "nikasema moyoni, vema." Nilisema, "Mwalimu." Hakusikia, au alisikia. Nadhani aliamini, na nimelifikiria hili miaka thelathini na ushee, kwamba msamaha usioonyesha ulichosamehe ni msamaha wa bandia. Kwamba njia ya kwenda Desemba inapita Julai, hakuna nyingine. Akafika Julai. "Nimesikia anakohoa. Nilifurahi kidogo." Akasoma na ile ya "nisamehe", akasoma na ile ya "lakini nilifurahi".

Mama Manka aligeuka taratibu, kwa kujivuta, akatazama ukuta.

"Inatosha, Mwalimu. Funga daftari."

"Bado. Hatujafika Desemba."

"Inatosha. Haika, msindikize. Giza linaingia."

Nje kulikuwa na jua. Watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani. Mwalimu alikaa na daftari wazi mapajani, mdomo wazi kidogo, na ncha ya lile jani ikichungulia kurasa za mbele ambako hakuwa amefika. Ilitosha kulichomoa na kuliweka juu ya shuka. Mkono wake haukusogea. Labda alifikiri zamu ya jani haijafika. Aliinuka, akafunga daftari, akasema, "Nitakuja kesho tumalizie." Tulipofika getini kwetu akasema, si kwangu, "Ilibidi niende kwa mpangilio."

Kesho yake tuliambiwa amelala. Siku iliyofuata Manka alisimama mlangoni, akapokea maziwa, akasema mama hataki kusumbuliwa, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu ambacho mdomo uliona haya. Krismasi ikapita tukisikia nyimbo upande wa chini na kikohozi kati ya beti. Hakuufikia mwaka mpya. Kwenye msiba Mwalimu alikwenda mapema, akakaa na wanawake, akamenya ndizi mpaka vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu. Hakuna aliyemchekesha mtu. Aliyekuwa anafanya kazi hiyo alikuwa ndani ya sanduku. Baada ya matanga nilipanga begi langu nikateremka mjini, nikapata chumba, cha Shirimatunda kweli, na sikujua nimwandikie nani risiti. Mwalimu alibaki, na alfajiri akaendelea kuandika. Nilipomtembelea miaka iliyofuata nililala chumba kile kile, chemli imekuwa taa ya umeme, na nyuma ya mbao nilisikia kalamu tu. Aliandika kimya. Hakumsomea mtu tena.

Haya yote niliyakalia chini ya turubai siku ya mazishi yake, mchungaji akiendelea kusifu. Walimlaza upande wa juu wa ua, kwake, na kama ilivyo desturi wakapanda masale kuzunguka kaburi, wakayakata palepale mpakani. Chini kidogo, upande wa pili, ni kaburi la Mama Manka, nalo lina yake. Upepo ukivuma majani yanapigana. Mtu wa mjini angepiga picha. Baada ya chakula binti mkubwa wa Mwalimu aliniambia nichague daftari moja la ukumbusho. Sikuhitaji kutafuta, lile la kwanza lina doa la maziwa kwenye jalada, doa langu. Nikaenda nalo nyuma kwenye masufuria, na nani alikuwa pale ameinama, mikono imezama kwenye majivu na maji, kama si Manka. Nywele zimekuwa nyeupe. Ana sura ya mama yake sasa, mpaka macho.

"Haika. Hilo ndilo lile?"

"Ndilo."

"Alimsomea nini mama siku ile? Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia wanacheka, nikafurahi, nikaongeza kuni. Halafu nilipoingia mama yuko ukutani. Nikamuuliza, akasema tu, 'Amenisomea.' Mpaka anakufa, 'Amenisomea.'"

Sokoni nina jibu la kila swali, na mengi si ya kweli. Nilitaka kumpa moja. Badala yake nikamfungulia mwishoni, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maji nikamsomea mimi ule ukurasa, ingawa naujua kwa kichwa tangu nilipousikia nyuma ya mbao. "Bwana, siku ya harusi yangu niliogopa mpaka nikashindwa kula. Mama Manka alikaa nami jikoni akanichekesha mpaka nikasahau kuogopa. Hilo nimelisahau kwa makusudi mwaka huu mzima. Mwambie. Hapana, usimwambie. Nitakwenda mwenyewe." Na pale, katikati ya ukurasa ule na ule mweupe wa mkono wa kulia, lilikuwa jani, limekuwa rangi ya tumbaku, fundo bado limekaza.

Manka alilitazama. Hakuligusa.

"Alikuja nalo?"

"Alikuja nalo."

"Mbona hakulitoa?"

"Lilikuwa Desemba. Hawakufika."

Akacheka. Alicheka kama mama yake, kwa bega zima, mpaka wanawake wa kwenye masufuria mengine wakageuka, kisha kicheko kikaisha ghafla kama maji ya bomba.

"Mama alikuwa hajui kusoma," alisema. "Lakini jani angelijua."

Akachota majivu, akainama, akaendelea kusugua sufuria.